Kuzamia mara ya kwanza? Usibane pumzi!

Msomaji, ukivuka feri ya Likoni hadi Shelly Beach wakati wa maji kupwa, utaona watoto wakioga bila wasiwasi. Kuzamia na mtungi mgongoni ni mambo mengine.

Kwanza utajaza fomu ya afya. Usifiche pumu wala mafua kwa kuona haya. Pua ikiziba, masikio hayazibuki, na mita chache tu chini utalia. Bana pua na upulize polepole kabla hayajaanza kuuma.

Mtungini hamna oksijeni tupu kama wengi wadhaniavyo. Ni hewa hii hii iliyoshindiliwa. Mita 10 chini mgandamizo ni maradufu, hivyo pumzi uliyovuta huko hutanuka unapopanda. Ukiibana, mapafu yaweza kupasuka. Na hofu ndiyo hukufanya ubane! Mwalimu akiinua kidole gumba, hakusifu, anasema tupande.

Kaskazi ndiyo majira yake. Kusi huchafua maji.

Naitrojeni husalia mwilini, kwa hivyo ngoja saa 18 kabla ya ndege. Hata basi la usiku lingoje, kwani Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Zamia Jumamosi asubuhi basi, si Jumapili, ikiwa Jumatatu kazini wanakutazamia.