Chagua transfoma kwa besi, usidanganywe na wati

Leo naweka kando mambo ya programu na tovuti, nizungumzie chuma na waya wa shaba. Tangu nitaje hapa kwamba jioni nikishamaliza kazi ya kompyuta huwa naunganisha amplifaya za valvu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Ninunue valvu za kampuni gani?" Jibu langu ni fupi na najua halitawapendeza wengi. Nunua zozote zilizo nzima. Pesa yako na akili yako zipeleke kwenye transfoma ya kutolea sauti.

Kwa wasioelewa, valvu ni zile chupa za kioo zinazowaka mwanga mwekundu ndani, zilizokuwa kwenye redio za babu zetu kabla transista hazijaenea. Valvu hufanya kazi kwa volti nyingi na mkondo mdogo sana. Spika ni kinyume chake: inataka volti chache na mkondo mkubwa. Ukiziunganisha moja kwa moja hazielewani. Transfoma ndiye mkalimani wao. Na kama umewahi kusikiliza mkutano wenye mkalimani mbovu unajua mambo yanavyokuwa. Mhubiri anasema vizuri, waumini wanapata nusu.

Mfano ni EL84, valvu ndogo inayopatikana bila shida. Ikifanya kazi peke yake kwa volti 250 inataka kuona mzigo wa omu 5,200 hivi, na hapo inatoa kama wati 5.7. Spika yako ni omu 8. Gawanya 5,000 kwa 8 upate 625, tafuta kipeuo cha pili chake, unapata 25. Maana yake ni kwamba upande wa valvu uwe na mizunguko ya waya mara 25 kuliko upande wa spika. Hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Sasa angalia: ukifunga spika ya omu 4 mahali pa omu 8, valvu inaona omu 2,500. Hapo sauti itakwaruza, na wengi watasema valvu ni mbovu!

Lakini uwiano wa mizunguko ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni chuma, na hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Transfoma hupitisha sauti kwa njia ya sumaku iliyo ndani ya chuma chake. Chuma kina kikomo. Kikishashiba sumaku, hata ukiongeza umeme hakuna kinachoongezeka ila kelele. Na sauti nzito ndizo zinazokishibisha haraka. Kwa nguvu ileile, sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde inadai sumaku mara mbili ya sauti ya mitetemo 80. Kwa hiyo transfoma inayoweza kubeba wati 10 kwenye mitetemo 80 itabeba wati 2.5 tu kwenye mitetemo 40. Robo! Muuzaji akiandika "wati 10" bila kusema ni kwenye mtetemo gani, hajakwambia kitu. Anaweza kuwa alipima kwenye mitetemo 1,000, ambapo hata kijichuma cha ukubwa wa kibiriti kinajitahidi.

Kwa nini nalisema hili kwa uchungu? Kwa sababu ya muziki wetu. Mimi ni wa Kitui na kazi yangu iko Wote, Makueni. Pita Mwingi, Emali au Kibwezi siku ya soko usikilize kinachopigwa: benga ya Kikamba. Chukua santuri za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers za miaka ya 1970 na 1980. Gitaa la solo linazungumza, na besi inajibu. Ukiondoa besi umeondoa mmoja wa waliokuwa kwenye mazungumzo. Na waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Hiyo ndiyo namba yako, msomaji. Ukienda kununua transfoma usiulize "ni wati ngapi?" Uliza "ni wati ngapi kwenye mitetemo 40?" Muuzaji akibabaika, funga pochi.

Habari njema ni kwamba unaweza kujipimia mwenyewe kwa multimita ya bei rahisi. Tafuta transfoma ndogo inayotoa volti 12 za umeme wa kubadilika (ile isiyogeuza kuwa wa betri). Peleka hizo volti 12 upande wa valvu wa transfoma unayoichunguza, kisha pima upande wa spika. Ukipata volti 0.48, uwiano ni 25, basi ni omu 5,000 kwa spika ya omu 8. TAHADHARI: usikosee upande. Ukipeleka volti 12 kwenye upande wa spika, upande wa pili zitatokea volti 300, na hizo hazina mzaha.

Kipimo cha pili ndicho muhimu zaidi. Unganisha rezista ya omu 1,000 kwa mfululizo na upande huohuo wa valvu, peleka tena volti 12, kisha pima volti zilizo juu ya rezista peke yake. Umeme wetu wa Kenya ni mitetemo 50, karibu kabisa na besi tunayoitafuta, yaani kipimo kimejileta chenyewe. Ukisoma kama volti 1.9, una henri 20 hivi, na hizo zinatosha kwa mzigo wa omu 5,000 kufika mitetemo 40. Ukisoma volti 5 au 6, hiyo transfoma irudishe dukani, besi hutaipata. Kipimo hiki hakisemi kila kitu, lakini kinawaumbua waongo wengi.

Jambo la tatu ni hili. Valvu ikifanya kazi peke yake, mkondo wa moja kwa moja hupita kwenye transfoma muda wote. EL84 hupitisha kama miliampea 48. Mkondo huo huanza kukishibisha chuma hata kabla muziki haujaanza. Ndiyo maana transfoma za aina hiyo huachiwa pengo jembamba katikati ya chuma, na ndiyo maana huwa kubwa na nzito. Valvu mbili zikifanya kazi kwa kupokezana, mikondo yao hufutana, na chuma kidogo kinatosha. Kwa mtu anayehesabu shilingi, mimi naona valvu mbili ndiyo njia ya busara, ingawa wapenzi wa valvu moja watanirushia mawe.

Sasa tutazipata wapi? Zipo kampuni zinazojulikana: Hammond ya Canada, Edcor ya Marekani, Lundahl ya Sweden. Vitu vyao ni vizuri na karatasi zao za vipimo husema ukweli. Tatizo ni kwamba chuma ni kizito, na posta hutoza kwa kilo. Jumlisha ushuru, na unaweza kulipa usafiri sawa na bei ya kitu chenyewe. Lakini kama unajenga amplifaya moja ya kukaa nayo miaka 20, bado nasema lipa. Valvu utabadilisha, kapasita utabadilisha, transfoma nzuri utairithisha.

Kwa anayejifunza kuna njia ya hapahapa nyumbani. Makanisa, misikiti na shule nyingi hutumia spika za laini ya volti 100, ambapo kila spika ina kijitransfoma chake chenye ncha zilizoandikwa wati. Zile za ukutani mara nyingi zimeandikwa 10, 5, 2.5 na 1.25. Chukua 100 mara 100 ugawanye kwa wati: ncha ya 10 ni omu 1,000, ya 5 ni omu 2,000, ya 2.5 ni omu 4,000, ya 1.25 ni omu 8,000. Na omu 8,000 ndizo EL84 mbili zinazotaka! Tena ncha ya wati 5 iko katikati kabisa ya mizunguko yote, kwa hiyo hapo ndipo unapoingiza umeme mkuu. Vitu hivi hupatikana kwa mafundi wa vyombo vya matangazo wakibadilisha spika zilizokufa. Vina mapungufu mawili. Vingi vilitengenezwa kwa sauti ya mhubiri, besi yake ni hafifu. Pia havikukusudiwa volti 300, hivyo usivisukume kupita kiasi na usiviache vikiwaka bila mtu. Kwa kujifunza vinafaa. Kwa benga, hapana.

Ninayoitamani zaidi ni njia ya tatu. Kitui na Wote tuna mafundi wanaosuka upya mota za pampu za maji na za mashine za kusaga. Wanajua waya wa shaba, karatasi ya kuzuia umeme na vanishi kuliko mimi na digrii yangu. Kinachowatenga na transfoma ya sauti ni maarifa machache: kugawa waya wa pande mbili katika tabaka zinazopishana ili sauti nyembamba zisipotee, kuhesabu eneo la chuma, na kupata chuma chenye silikoni kilicho safi. Huku kwetu ukame unajulikana, na fundi anayesubiri pampu iharibike angefaidika kuwa na kazi ya pili. Ila neno moja: shaba na chuma vinunuliwe kwa njia inayojulikana. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, zikiwemo nguzo na transfoma za umeme. Amplifaya tamu iliyotokana na kijiji kilichoachwa gizani sitaki kuisikia.

Kuna wanaosema haya yote ni ushamba, kwamba kibao cha kisasa cha shilingi chache hutoa wati nyingi kuliko valvu zangu. Ni kweli kabisa! Ukitaka kelele za harusi, nunua kibao. Lakini kwenye kibao hutaona ni wapi sauti inatengenezwa na wapi inaharibika. Mwaka 1947 Mskoti D.T.N. Williamson alichapisha kwenye jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya ya wati 15 uliowashangaza watu. Valvu zake mtu yeyote aliweza kuzinunua. Kazi ngumu ilikuwa kwenye transfoma, kwa sababu aliiweka ndani ya mzunguko wa kusahihisha makosa, na transfoma dhaifu ingeufanya mzunguko wote upige kelele. Mbuni huyo aliijua thamani ya mkalimani.

Sisi waandishi wa programu tumezoea kubahatisha. Kitu kikiharibika, kesho tunatoa toleo jipya. Transfoma haina toleo jipya. Ukishafunga nati nne umeamua. Kwa hiyo anza na transfoma, kisha uchague valvu zinazoifaa, na mwisho kabisa ufikirie sanduku na rangi.

Na tafadhali, zima umeme, subiri, upime kapasita kabla ya kugusa. Volti 300 hubaki mle ndani hata waya ukiwa umechomolewa. Nataka mbaki hai ili tubishane.

Wenye kufahamu fundi wa kusuka anayekubali kujaribu, karibuni mniandikie. Tuko pamoja.