Ramani Zisizoona Migomba

Yapo makosa mawili katika kuzisoma ramani za kale za nchi za Maziwa Makuu, na la kwanza limeota mizizi hata katika vyumba vya mihadhara. Ni lile la kuitwaa ramani iliyochongwa Ulaya katika karne ya 19, kuitundika mbele ya wanafunzi, na kuwaambia kwamba hivi ndivyo nchi ilivyokuwa: penye nukta palikuwa na watu, pasipo nukta palikuwa pori. Kosa la pili ni la wale ambao, kwa hasira iliyo haki, huzitupa ramani zote jalalani na kuziita uongo wa wakoloni. Hili la pili halina madhara makubwa, maana ramani iliyotupwa haimdanganyi mtu. La kwanza ndilo linalostahili kupigwa vita, kwa kuwa limevaa joho la elimu.

Na tuchukue Kahororo, kata ya Manispaa ya Bukoba, pahali ambapo migomba na mibuni imewahifadhi watu vizazi na vizazi. Mwalimu anayeamini nukta ataifunua ramani iliyotoka pamoja na kitabu cha John Hanning Speke mwaka 1863, atautazama ufuko wa magharibi wa Nyanza, wala hataiona Kahororo. Je, atasema haikuwapo? Kabla ya kusema hivyo yampasa aulize swali moja dogo: Speke alipita wapi? Mwaka 1858 aliliona ziwa hilo upande wa Mwanza. Mwaka 1861 alifika Karagwe kwa Rumanyika, na mwanzo wa 1862 akauvuka mto Kagera, ambao yeye aliuita Kitangule, akaingia Buddu, na huko ndiko alikoliona ziwa tena. Kutoka Mwanza hadi Buddu hakutia mguu ufukoni. Ufuko wote wa Ihangiro, Kyamtwara na Bugabo aliuchora kwa masikio. Mstari wake ulio mzuri, uliopinda kwa madaha kana kwamba mtu aliufuata kwa mtumbwi, ni mstari wa maneno ya watu wengine.

Sanaa ya kuchonga ramani ina tabia zake, na tabia hizo zilizaliwa mbali sana na Nyanza. Mwaka 1579 Mwingereza Christopher Saxton alitoa kitabu cha ramani za wilaya za Uingereza na Wales zilizochongwa katika mabamba ya shaba. Ni kazi ya kupendeza, wala haifai kumnyima mtu sifa zake. Lakini itazame vizuri. Milima imechorwa kama vichuguu vilivyopangwa safu, kila kimoja kikitiwa kivuli upande mmoja. Mji ni kinara cha kanisa. Misitu ni vijiti vya miti. Mabustani ya mabwana, walimofuga paa wa kuwinda, yamezungushiwa ua na kuonekana wazi. Mashamba ya wakulima hayamo kabisa, na njia walizopita watu hazimo. Saxton alifanya kazi chini ya enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, na nakala za ramani zake zilikusanywa na Lord Burghley, waziri mkuu wa malkia, aliyetaka kujua ni bwana gani anakaa wapi. Basi hata huko kwao ramani ilikuwa ni jicho la mwenye amri. Mkulima wa Kiingereza wa karne ya 16 hakuonekana ndani yake, na hapana mtu mwenye akili anayesema kwa ajili hiyo kwamba Uingereza haikuwa na wakulima.

Tena kuna jambo la shaba yenyewe. Mchongaji hukata bamba kwa kalamu ya chuma, na hukata kinyume, kama maneno yanavyoonekana katika kioo, ili yakipigwa chapa yasomeke sawa. Akikosea, hana budi kuligonga bamba kwa nyuma, kulisugua, na kuanza tena mahali pale. Ni kazi ya gharama, na gharama huzaa uvivu. Kosa lililokwisha kuingia katika shaba huishi miaka mingi na kupigwa chapa baada ya chapa, si kwa sababu limethibitishwa, bali kwa sababu kulifuta ni taabu. Ramani za nchi zetu ziliandaliwa London, Edinburgh, Gotha na Berlin, katika shaba au katika jiwe, na watu ambao wengi wao hawakupata kuuona hata mgomba mmoja.

Wanaosema kwamba makosa ya ramani hizo yalitokana na ujinga wa waliohojiwa wanapaswa kuisoma vema habari ya Jakob Erhardt. Yeye na mwenzake Johannes Rebmann, wamisionari waliokaa pwani ya Mombasa na Tanga, waliwauliza wasafiri wa misafara habari za bara, na mwaka 1856 ramani yao ikachapishwa London. Katikati ya bara waliweka bahari moja kubwa ajabu, yenye umbo la konokono aliyetoka nyumbani mwake. Watu wakacheka, na kicheko hicho kimeendelea mpaka leo katika vitabu. Lakini wasafiri walisema nini? Aliyepita njia ya kusini alisema alifika penye maji makuu. Aliyepita njia ya kati alisema vivyo hivyo. Aliyepita ya kaskazini, vivyo hivyo. Wote watatu walisema kweli: mmoja alifika Nyasa, wa pili Tanganyika, wa tatu Nyanza. Aliyeyaunganisha maji hayo matatu kuwa bahari moja ni mwenye kalamu, si mwenye miguu. Ushahidi wa Waswahili ulikuwa safi, kosa likazaliwa mezani. Ni ajabu kwamba kicheko kinawaangukia waliosema kweli.

Ndiyo maana wanafunzi wa Kiswahili, kuliko wa jiografia, wangepaswa kuwa wa kwanza kuzidai ramani hizi. Ni maandishi ya Kiswahili yaliyochongwa na watu wasiojua Kiswahili. Angalia majina: Uganda, Unyoro, Usui, Uzinza, Uhaiya. Wenyeji husema Buganda, Bunyoro, Buhaya. Hiyo *u* ya mwanzo ni ya misafara; ni ulimi wa pwani uliopita katika vinywa vya watu kama Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton na Speke, na wa wafanyabiashara kama Snay bin Amir wa Kaze, aliyewaeleza wageni hao njia za Karagwe na Buganda kabla hawajazikanyaga. Speke mwenyewe aliona haja ya kuwafafanulia wasomaji wake kwamba *u* ni nchi, *wa* ni watu, *m* ni mtu mmoja, *ki* ni lugha. Somo la kwanza la sarufi ya ngeli kwa wasomaji wengi wa Ulaya lilitolewa na ramani. Na *u* ya Uganda imedumu: ilitoka katika ulimi wa mpagazi ikaingia katika shaba, na kutoka katika shaba ikaingia katika jina la dola.

Sasa tufike penye kiini. Mchongaji alikuwa na alama moja ya makao ya watu, yaani nukta au kiduara, na kando yake jina. Alama hiyo yafaa kwa mji uliojikusanya, wenye nyumba zinazogusana na mwisho unaojulikana. Buhaya haikuwa na mji wa namna hiyo. Mhaya hukaa katika kibanja chake, nyumba ikiwa katikati ya migomba, na kibanja cha jirani huanzia pale cha kwanza kinapokoma. Vibanja vingi vikishikana hufanya kijiji, na kijiji hicho, kwa mtu aliye mbali, ni msitu wa migomba tu. Baina ya kijiji na kijiji kuna rweya, yaani uwanda wa majani. Katika ramani kubwa ya Wajerumani ya kipimo cha 1 kwa 300,000, iliyoanzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, kilometa 3 za nchi hukaa katika sentimeta 1 ya karatasi. Kijiji cha migomba chenye upana wa kilometa 2 hakijazi hata sentimeta moja. Nukta itawekwa wapi? Ikiwekwa katikati, yaliyo pembeni huhesabiwa kuwa pori. Isipowekwa, yote huwa pori. Na kwa kuwa ramani hiyo iliunganishwa kwa sehemu kubwa kutokana na vipimo vya wapita njia, majina yamesongamana kando ya njia walizopita, na penginepo ni peupe. Weupe huo ni habari ya miguu ya msafiri. Haitoi habari yo yote ya idadi ya watu.

Kosa kubwa zaidi limeiangukia rweya. Katika ramani ni tupu, na neno tupu lina hila yake: huanza likiwa na maana ya pasipochorwa, na huishia likiwa na maana ya pasipo mwenyewe. Kila mkulima wa Buhaya ajua kwamba kibanja huishi kwa rweya. Majani ya kufunika udongo wa migomba hukatwa huko. Majani ya kuezekea na ya kutandika sakafuni hutoka huko. Ng'ombe hulishwa huko mchana, na mbolea yao hurudi kibanjani jioni. Wanawake hufungua huko misiri yao, vishamba vya kupanda njugu mawe na mazao mengine kwa msimu, kisha huiacha ardhi ipumzike. Udongo wa asili wa sehemu nyingi za Bukoba ni hafifu, uliosafishwa na mvua nyingi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, aliliandikia jambo hili mwaka 1938: udongo ulio wa asili moja, hapa una rutuba nyingi, pale hauna. Tofauti ni kazi ya mikono. Rutuba ya kibanja ilichukuliwa rweyani, mzigo kwa mzigo, na kulimbikizwa kwa vizazi. Basi ramani iliyoonyesha kijiji bila rweya ni kama hesabu iliyoandika matumizi ikaficha mapato. Na anayeitumia leo kuthibitisha kwamba uwanda fulani ulikuwa ardhi isiyo na mtu, hasomi historia, bali anawanyang'anya watu kwa karatasi.

Watetezi wa ramani watasema kwamba Stanley alisahihisha yote. Kweli, mwaka 1875 aliuzunguka ufuko wa Nyanza kwa mashua yake, akathibitisha kwamba ni ziwa moja, na kuwanyamazisha waliolidai kuwa maziwa kadhaa, Burton akiwamo. Alipita mbele ya Bukoba ya leo, akatua katika kisiwa cha Musira. Kisha akafika Bumbire, kisiwa kilicho sasa katika wilaya ya Muleba. Huko mwezi wa Aprili aligombana na wenyeji waliomnyang'anya makasia, akaponea kwa bunduki. Na mwezi wa Agosti akarudi na jeshi, akawapiga risasi watu wa Bumbire wakiwa wamesimama pwani kwao. Yeye mwenyewe aliandika habari hiyo katika magazeti, na hata Uingereza wengi walimlaumu. Katika ramani ya kitabu chake cha 1878 Bumbire ni kisiwa chenye kingo safi na jina lililochongwa kwa herufi nzuri. Kalamu haikuwa na alama ya watu waliouawa. Na Kagera, katika ramani hiyo hiyo, umeitwa Alexandra Nile, kwa heshima ya binti mfalme ambaye hakupata kunywa maji yake. Jina hilo limekufa, na mto umebaki na lake.

Lakini si kila kilichochorwa kilikufa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana kwamba mpaka wao magharibi ya ziwa ufuate latitudo ya digrii 1 kusini. Emin Pasha alikuwa hajaijenga bado boma ya Bukoba. Alifika huko miezi michache baadaye. Mstari uliwekwa juu ya ramani, na vigingi vikasimikwa juu ya nchi zaidi ya miaka kumi nyuma yake. Missenyi, iliyo ng'ambo ya Kagera, ikawa upande huu kwa nguvu ya rula. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvuka mstari huo, na Novemba 1 akatangaza kwamba ardhi yote hadi mtoni ni yake. Daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakauawa, mifugo ikachukuliwa. Hapana haja ya kumtetea Amin hata kwa neno moja. Yatosha kuona kwamba mstari uliochorwa na watu wawili wasioijua nchi uliweza, miaka 88 baadaye, kuwa hoja mdomoni mwa mwenye mizinga.

Kwa hiyo ramani hizi zisomwe, tena zisomwe sana, lakini kwa maswali: aliyechora alipita wapi, alimwuliza nani, kwa lugha gani, na nani alilipia shaba. Kisha mwanafunzi atumwe Kahororo na Bumbire pamoja na nakala yake, awaulize wazee majina ya rweya, chemchemi na vijia, ayaandike juu ya weupe ule. Aulize pia juu ya mulamula, mmea unaopandwa katika mpaka wa kibanja na kibanja, ambao jina lake latokana na kitendo cha kuamua na kupatanisha. Wahaya walikuwa na mipaka yao iliyochipua majani kabla ya rula ya 1890, na majirani wanapogombania hatua mbili za migomba, mpaka leo hutazama mulamula umesimama wapi.