Mabasi Hayajipangi Yenyewe

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yatangazwapo, nyumba nyingi za wanachama na wafanyakazi wetu hujaa shauri moja: mtoto huyu akasome nini? Mmoja ataka udaktari, mwingine uanasheria, wa tatu uhandisi, na wa nne asema yeye lolote, mradi lina mshahara. Kazi hizo zote ni njema, nasi hatuna neno nazo. Lakini leo twataka kuitaja kazi ambayo haitajwi kabisa katika mashauri hayo, ingawa miongoni mwa hao wanaoshauriana ni wachache wasioumia kila siku kwa upungufu wa watu wake. Kazi hiyo ni kupanga usafiri wa umma.

Msomaji aweza kucheka na kusema: Je, basi nalo lataka msomi? Si dereva, konda na barabara tu? Jibu letu ni kwamba lataka, na tena kwa muda mrefu tumeishi kana kwamba halitaki, na hiyo ndiyo asili ya sehemu kubwa ya taabu yetu.

Mtazame mfanyakazi akaaye Gongo la Mboto na kufanya kazi mjini Dar es Salaam. Kazi yake yaanza saa moja na nusu asubuhi, lakini yeye yu kituoni kabla ya jua kuchomoza. Kama atumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, basi kila siku ametoa saa 4 ambazo hakuna amlipaye. Kwa juma la siku sita za kazi, hizo ni saa 24, yaani siku nzima ya maisha yake, usiku na mchana, imetupwa barabarani. Mtoto wake amwacha amelala na amkuta amelala. Mkutano wa tawi haufiki, darasa la jioni haliwezi. Chama kilichoanzishwa ili jasho la mtu lisichukuliwe bure hakiwezi kusema kwamba hayo ni mambo ya dereva na konda.

Tulifikaje hapa? Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 273,000. Mwaka 1978 walikuwa wapatao 843,000. Mwaka 2002 walifika karibu milioni 2.5, na katika sensa ya 2022 mkoa huo ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728. Mji uliongezeka karibu mara ishirini katika muda wa miaka 55. Nyumba zilitangulia, barabara zikafuata kwa kuchechemea, na usafiri ukaja nyuma ya wote.

Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa katika miaka ya 1970 ili liwahudumie wananchi wa kawaida, na lilifanya kazi hiyo kwa moyo. Wazee wetu wangali wanayakumbuka mabasi yake marefu ya Ikarus yaliyounganishwa katikati. Lakini mabasi yalichakaa, vipuri vikawa adimu, fedha za kigeni zikakosekana, na watu wakazidi. Mwaka 1983 Serikali ikawaruhusu watu binafsi kuingiza magari yao katika kazi hiyo, na hivyo daladala zikapata uhalali.

Yafaa tuseme kweli juu ya daladala. Bila hizo mji ungalisimama. Ni wananchi hawa waliotuchukua wakati mashirika yetu yaliposhindwa, na hatupendi kuwasikia watu waliopanda magari yao wenyewe wakiwatukana. Walakini dereva wa daladala haendeshi kwa kufuata mpango. Aendesha kwa kufuata hesabu, yaani ile fedha ambayo lazima aifikishe kwa mwenye gari kila jioni, ndipo yeye na konda wake wapate kilichobaki. Kwa hiyo hangoji saa, angoja gari lijae. Jioni abiria wakipungua mbele, akatisha njia. Mwanafunzi mwenye nauli pungufu amwacha kituoni, na mlemavu achukuaye muda kupanda amwona kuwa hasara. Wengi twadhani hiyo ni roho mbaya. La hasha! Mtu mwema ukimweka katika mpango mbaya, atatenda kama mpango ulivyo.

Mwaka 2007 uliundwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, na mwezi Mei 2016 mabasi ya awamu ya kwanza yakaanza kwenda katika njia yao wenyewe ya urefu wa kilometa zipatazo 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Mtu wa Kimara aliyezoea kukaa saa mbili njiani alifika mjini chini ya saa moja. Mwaka 2018 jiji letu lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza katika Afrika kuipata.

Lakini tuzo haipandwi. Karakana kuu ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, ambalo kila mzaliwa wa Magomeni ajua kwamba hujaa maji ya masika. Mwaka 2018 mafuriko yaliharibu mabasi humo, na mara nyingi mvua ilipozidi huduma ilisimama. Abiria nao waliongezeka, huku mabasi mazima yakipungua kwa ubovu. Foleni za Kimara na Kivukoni zikawa ndefu kama zile za zamani. Kisha ikaja awamu ya pili, ya Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Njia yake ilimalizika, saruji ikakauka, na vituo vikasimama muda mrefu vikiyangoja mabasi, huku mwananchi wa Mbagala akipita kando yake ameng'ang'ania mlangoni mwa daladala.

Hatusemi haya ili kumtia mtu aibu. Gazeti hili ni la Chama, na Serikali ni ya Chama. Tukificha jipu tumejificha sisi wenyewe. Twasema kwa kuwa kosa lililo chini ya makosa hayo yote ni moja: tumedhani kwamba usafiri ni kitu cha kununuliwa au kujengwa, yaani basi au barabara. Kumbe usafiri ni kitu cha kupangwa, na cha kupangwa upya kila siku.

Tutoe mfano ambao mwenye elimu ya shule ya msingi aweza kuupima. Tuseme njia fulani, kwenda na kurudi pamoja na mapumziko ya dereva, yachukua dakika 120. Tukitaka basi lipite kila baada ya dakika 5, twagawanya 120 kwa 5, na jibu ni mabasi 24. Kila basi likichukua watu 80, kwa saa moja yatapita mabasi 12, yaani watu 960. Sasa msongamano ukaongezeka, na safari ile ile ikawa ya dakika 160. Mabasi ni yale yale 24, lakini sasa moja hupita kila baada ya dakika 6 na sekunde 40. Kwa saa moja yatapita mabasi 9 tu, yaani watu 720. Watu 240 wameachwa kituoni, wala hakuna basi hata moja lililoharibika, wala dereva hata mmoja aliyezembea!

Katika hali hiyo, asiyejua kazi ataomba mabasi 8 mapya, na Hazina itahangaika kuyatafutia fedha. Mpanga usafiri atauliza kwanza: zile dakika 40 zimeliwa wapi? Huenda zimeliwa katika njia panda moja ambapo taa haiyajali mabasi. Huenda zimeliwa katika dirisha la tiketi, au katika mlango mmoja ambapo wanaoshuka wapigana na wanaopanda. Huenda njia ya mabasi imeingiliwa na magari ya wakubwa. Akizirudisha dakika hizo kwa taa, kwa rangi ya barabarani na kwa sheria, ameliletea taifa mabasi 8 bila kununua hata gurudumu. Hiyo ndiyo kazi tunayoitaja. Ni kazi ya kurudisha maisha ya watu kwa kutumia hesabu.

Wako waliotutangulia katika jambo hili, nao si matajiri wa dunia. Mji wa Curitiba, katika Brazil, uliunda taasisi yake yenyewe ya utafiti na mipango ya mji mwaka 1965. Miaka 9 ilipita kabla njia zake za kwanza za mabasi ya haraka hazijafunguliwa mwaka 1974. Jaime Lerner, msanifu wa majengo aliyekuwa mmoja wa watu wa taasisi hiyo, ndiye aliyekuja kuwa meya wa mji mwaka 1971. Bogotá, katika Colombia, walijifunza huko na kuanza mabasi yao mwaka 2000, na mfumo wetu wa Dar es Salaam ni wa ukoo huo huo. Tuangalie vema utaratibu wao: watu kwanza, mabasi baadaye. Sisi tuliazima basi na kituo. Tukasahau kuiga ile nyumba iliyowalea wapangaji wake.

Hatuna chuki na wageni. Mwaka 2008 mpango mkuu wa usafiri wa jiji ulitayarishwa kwa msaada wa Japani. Awamu ya kwanza ya mabasi ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ya pili kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wote twawashukuru. Lakini mtaalamu wa mkataba huja, huandika kitabu, hukikabidhi, huondoka. Mji haungoji kitabu kingine. Kesho yake Chanika imepata nyumba mpya elfu, soko limehamishwa, shule imefunguliwa, na njia ya jana haifai tena. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba msingi wa maendeleo ni watu, wala si fedha. Fedha za mabasi twaweza kukopeshwa. Mtu wa kukaa na mji wetu miaka 30 akiujua kama mkulima alijuavyo shamba lake, huyo hatukopeshwi.

Basi twasema na vijana. Mlango uko wazi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, kiko Mabibo. Chuo Kikuu Ardhi hufundisha mipango miji, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha uhandisi na uchumi. Mwenye kuijua hesabu, jiografia na lugha ya kusema na watu ana mtaji wa kuanzia. Mbele yake kuna Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, wakala za barabara, shirika la reli na halmashauri za miji. Wala asidhani ni kazi ya Dar es Salaam peke yake. Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma yapanuka leo kama Dar es Salaam ilivyopanuka jana, na huko bado kuna nafasi ya mpango kuitangulia taabu.

Lakini hatutaki kumdanganya kijana. Kazi hii haina makofi. Daraja hufunguliwa kwa utepe, lakini hakuna amkataye ng'ombe kwa sababu basi limefika kwa wakati wake. Ataanza kwa kusimama kituoni alfajiri na daftari, akihesabu vichwa. Itampasa kupanda daladala ile ile apandayo fundi na mama lishe, kwa maana asiyepanda basi hawezi kulipanga. Atamsikiliza konda, ambaye ajua mengi kuliko ramani. Kisha atajaribiwa. Mwenye mabasi mengi atataka njia nono apewe yeye; mkubwa fulani atataka kituo kisogezwe mbele ya jengo lake. Siku hiyo ndipo itajulikana kama elimu yake ni ya umma au ya kuuza.

Na twasema na viongozi wenzetu. Mtaalamu akisema karakana isijengwe bondeni, asikizwe kabla ya mvua, si baada yake. Akiajiriwa kwa ajili ya mradi, asiachwe atawanyike mradi ukiisha. Kila jiji liwe na ofisi ya kudumu ya mipango ya usafiri, yenye watu wake, takwimu zake na sauti katika vikao. Na mkataba wa kujenga njia usitiwe sahihi mpaka umetiwa ule wa mabasi na wa wafanyakazi wake. Katika shule za misheni tulifundishwa habari za mtu aliyetaka kujenga mnara, asikae kwanza kuhesabu gharama, akachekwa na wapita njia. Vituo vitupu vya Mbagala vilitufanya tuchekwe hivyo hivyo.

Ninyi wafanyakazi na wanachama, ulizeni jambo hili katika matawi yenu kama mnavyouliza habari za maji na zahanati. Na jioni moja, mtoto akikuuliza akasome nini, usimwambie udaktari tu. Mpeleke kituoni saa kumi na mbili asubuhi, mwonyeshe foleni, umwambie: Hawa wote wanangoja mtu mmoja ajifunze kuwapangia safari. Huenda akawa wewe.