Vazi la Wakanda: sifa na pesa zinaenda kwa nani?

Wadau, nani kasema kuvaa kama watu wa sinema za kubuni ni mambo ya wazungu tu? 2018 Black Panther ilipotoka, mashabiki walitinga sinema na vitenge na shanga mpaka raha.

Sasa angalia nguo zenyewe. Mbunifu Ruth E. Carter alichukua wekundu wa Wamasai kwa wale askari wa kike, na mablanketi ya Wabasotho kwa walinzi wa mpaka. 2019 akabeba Oscar. Halali yake, kazi kaifanya. Ila mama anayetunga shanga kule Longido kapata nini?

Na hii ni ya zamani. 1939, New York, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki wa hadithi za sayansi, Forrest Ackerman alitinga na vazi la watu wa siku zijazo, akapata jina. Aliyelishona, Myrtle Douglas (naye alivaa la kwake), wangapi wanamjua?

Huku Ruanda na Tunduma mafundi cherehani wapo kibao. Ukishonewa vazi, picha ikienda mtandaoni, andika na jina la fundi, wateja wamfuate. Au mnasemaje?