Mzime TV Uwanja Ujae? Kamwambieni Shabiki wa Bagamoyo

Kuna wadau wa soka la bongo, majina kapuni, kila wakiona majukwaa yako wazi wanaibuka na hoja ileile: mechi zisioneshwe laivu, watu watakuja wenyewe uwanjani.

Hoja hiyo Uingereza ni ya zamani. Miaka ya 1960 bosi mmoja wa Burnley aliwashawishi wenzake kwamba TV inaua viingilio. Mpaka leo kule Jumamosi, saa 8:45 mchana hadi 11:15 jioni, mechi haziruhusiwi kuoneshwa laivu. Kichekesho ni kwamba mechi za muda huo mshkaji wa Dunda anazicheki kibanda umiza kwa buku, wakati wa Manchester aliyekosa tiketi anasikiliza redio.

Sasa ileteni hapa. Shabiki atoke Bagamoyo hadi Makumbusho, aunge gari mpaka Temeke, alipie mzunguko, halafu usiku ahangaike na usafiri wa kurudi. Asiye na hela hiyo hajaacha uwanja kwa sababu ya TV. Alikuwa haendi tangu zamani. Mtakuwa mmemnyima kibanda tu.

Na hela? Mwaka 2021 TFF ilisaini na Azam Media dili la miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Mkizima TV, timu ndogo za mikoani zitalipwa na nani?

Mnataka uwanja ujae? Shusheni viingilio, pangeni mechi mapema wa mbali awahi gari. TV iacheni, haijamkosea mtu.