Samaki wa Lufira Wapate Wachoraji Wao

Samaki ana desturi moja inayomtaabisha kila atakaye kumjua kwa sura: roho ikimtoka, rangi nazo hazikawii kumtoka. Perege aliyevuliwa alfajiri katika ziwa Tshangalele la mto Lufira, akiwa na kijani na dhahabu ubavuni, hufika soko la Likasi amekwisha kuwa wa kijivu. Na wale waliotiwa chupani, waliojaa katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji, wamebakiwa na umbo tu. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mji huu wetu wa Likasi wapasa kuwa na watu wake wenye ustadi wa kuchora samaki kwa rangi za maji, wakiketi pwani ya ziwa wakati nyavu zinapopandishwa.

Sanaa hii ina masharti magumu. Mchoraji huhesabu magamba kabla ya kugusa rangi. Huonyesha kuwa mstari wa ubavuni wa perege umekatika vipande viwili, na kwamba kambare hana gamba hata moja ila ana sharubu 8. Mng'ao haupakwi: huachwa weupe wa karatasi yenyewe, kisha rangi hafifu hupitishwa juu ya rangi hafifu iliyokauka. Wako watakaosema simu yatosha. Simu humpiga picha samaki yule yule aliyechanika pezi, na mwako wa jua juu yake. Mchoraji hutazama wengi, akamtoa mmoja aliye timamu.

Wala kipaji si kigeni kwetu. Mwaka 1946, Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji iitwayo Hangar, akatokea humo Pilipili Mulongoy, mwana wa mvuvi, ambaye samaki na ndege wake ni johari za nchi hii. Lakini samaki wa Pilipili ni nakshi, hawakukusudiwa kuhesabiwa miiba. George Albert Boulenger naye, aliyetoa kitabu cha samaki wa bonde la Kongo mwaka 1901, aliihesabu miiba sawasawa, ila akiwa London, mbele ya samaki waliokwisha kufifia. Natamani jicho la yule wa kwanza na hesabu ya huyu wa pili vikutane katika mkono mmoja.

Na wakati hautungoji, kwani taka za viwanda vya Shituru zimeteremka miaka mingi kwa mto Panda hadi Lufira, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta madini katika maji na katika samaki. Ajabu ni kuwa buluu bora ya wachoraji, aliyoivumbua mkemia Mfaransa Thénard mwaka 1802, hutengenezwa kwa kobalti, madini yale yale tunayoyasafisha hapa na kuyamwaga mtoni.

Gharama isiwe udhuru: sanduku la rangi na karatasi nzuri havifiki bei ya gurudumu moja la lori la mgodi. Kampuni zinunue, chuo kitoe mwalimu wa elimu ya samaki, vijana wa mitaa ya Kikula na Panda wapewe kalamu. Na chini ya kila picha jina analoliita mvuvi litangulie, la Kilatini lifuate.