Usimwachishe Mtoto Ziwa kwa Sababu ya Nywele

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara wa Kwashemshi, leo naomba tuyaweke mahindi pembeni kidogo. Najua wapo watakaouliza bibi shamba ameingiaje kwenye nywele za wazazi. Nimeingia kwa mlango wa mayai.

Katika kikundi chetu cha kuku wa kienyeji tuna utaratibu kwamba mwanachama mwenye mtoto mchanga anabakiza mayai ya kula nyumbani kabla hajapeleka mengine gulioni. Mwezi uliopita mama mmoja kijana, mtoto wake ana miezi minne, alileta mayai yote. Nilipomuuliza, alifungua kitambaa kichwani akanionyesha. Nywele za mbele, juu ya paji la uso, zilikuwa zimebaki chache sana. Fedha za mayai zilikuwa za kununua chupa ya pili ya dawa ya kukuza nywele, shilingi 12,000, chupa isiyo na karatasi yoyote ubavuni. Aliyemuuzia alimwambia apake asubuhi na jioni, halafu aache kunyonyesha, kwa kuwa mtoto ndiye anayezinyonya nywele. Alikuwa ameshaanza kumpa mtoto uji mchana.

Hapo ndipo niliposema hili nitaliandika. Mimi si mkunga. Mambo ya tiba yaliyomo humu nimekaa na muuguzi tukayapitia. Lakini nimezaa watoto wawili, na mara zote mbili nilizoa nywele zangu sakafuni kwa ufagio, kwa hiyo nasema na uzoefu pia.

Mtoto hanyonyi nywele. Mama asiyenyonyesha kabisa naye zinamnyonyoka vilevile. Kinacholeta jambo hili ni kujifungua kwenyewe. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, nazo hatuzioni kwa sababu kila unywele una zamu yake. Wakati wa ujauzito homoni huwa juu, na nywele ambazo zamu yake ya kudondoka ilishafika hubaki kichwani. Ndiyo maana wajawazito wengi nywele zao hujaa na kupendeza. Mtoto akishatoka homoni hushuka kwa ghafla, na nywele zote zilizocheleweshwa huingia mapumziko kwa pamoja. Miezi miwili hadi minne baadaye zinaanguka kwa pamoja. Mnajua mahindi mliyopanda wiki moja hukauka wiki moja, hakuna anayesema shamba limerogwa. Mizizi ya nywele iko hai chini ya ngozi, na kwa wengi kichwa hurudi katika hali yake kabla mtoto hajatimiza mwaka au anapoukaribia. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo usitegemee kujiona umebadilika kwa wiki mbili. Dalili njema ni vile vinywele vifupi vinavyosimama kwenye paji la uso na kukataa kulala. Ukiviona, usivikate.

Sasa tazama biashara inavyofanya kazi hapo. Mama anauziwa chupa mtoto akiwa na miezi minne. Mtoto akifika miezi tisa nywele zimerudi, na sifa yote inakwenda kwenye chupa. Ni sawa na mtu anayepita kijijini katikati ya mwezi Machi akiuza dawa ya kuleta mvua. Masika yakija, kila mtu anasema jamaa ni mtaalamu.

Kama ingekuwa hasara ya shilingi 12,000 peke yake nisingepiga kelele. Hasara kubwa ni lile ziwa. Ushauri wa kliniki ni mtoto anyonye maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, mpaka miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine mpaka miaka miwili au zaidi. Mtoto wa miezi minne anayepewa uji kwa maji ya kisima na kikombe kisichochemshwa, kinachofuata ni kuhara, na kuhara kwa mtoto wa umri huo hakusubiri. Tena maziwa yakinyonywa kidogo yanapungua, na yule mama ambaye hedhi yake ilikuwa haijarudi anaweza kupata mimba nyingine kabla hajajua. Akina baba, mnasikia hapo.

Kuhusu hizo chupa zenyewe. Ikiwa ndani yake kuna dawa kweli ya kuotesha nywele, mfano minoksidili, hiyo haishauriwi kwa mama anayenyonyesha. Ikiwa hamna dawa, umenunua mafuta kwa bei ya dawa. Na kama haina maandishi, hujui ni lipi kati ya hayo mawili, na mtoto analala kifuani kwako akikushika kichwa na kutia vidole mdomoni. Mizizi ya kuchemsha na kunywa naiweka kapu hilohilo. Najua bibi zetu wa Kisambaa na Kizigua wana elimu kubwa ya miti, siidharau, lakini kinachonywewa na mama kinaweza kupita kwenye maziwa, na hakuna aliyekipima kwa mtoto wa miezi minne. Vidonge vya vitamini vya kujinunulia navyo viwe kwa ushauri. Vitamini A ikizidi mwilini, nayo hunyonyoa nywele.

Wenye maduka na meza za gulioni, hili ni lenu. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, na dawa ziko chini ya TMDA. Bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya kuisha muda, usiipokee hata kwa mali kauli. Mteja wako ni jirani yako, mtazikana. Mama akija dukani analia nywele zinaisha, mwuzie chanuo la meno mapana na mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi hayaoteshi nywele, mwambie ukweli huo, ila yanalainisha zisikatike. Chumvi nayo, wekeni yenye madini joto, iliyofungwa. Upungufu wa madini hayo huvuruga tezi ya shingo, na tezi ikivurugika nywele pia hunyonyoka.

Kwa mama mwenyewe, cha kufanya si kingi. Pumzisha kichwa. Rasta nzito na misuko ya kuvuta mpaka macho yanainuka huing'oa mizizi, na hiyo ikizoeleka haioti tena. Suka mabutu yaliyolegea, au kata nywele fupi kama unapenda. Dawa ya kulainisha nywele iache mpaka zitulie, maana inaunguza ngozi ambayo tayari ina kazi. Na jambo moja ambalo wengi hawajalisikia: nywele zinazodondoka huweza kujifunga kwenye kidole cha mtoto, hasa cha mguu, hata kwenye uume wa mtoto wa kiume, zikakaza mpaka damu isipite. Mtoto akilia bila sababu inayoonekana, mvue soksi na nguo umwangalie vidole kimoja kimoja. Ukikuta kimevimba na kuwa chekundu au cheusi na kuna mstari uliobana, nenda zahanati saa ileile.

Sasa niingie kwenye eneo langu. Nywele kunyonyoka baada ya kuzaa ni kawaida, lakini mama aliyepungukiwa damu zitamnyonyoka zaidi na zitachelewa kurudi. Shirika la Afya Duniani linashauri, katika sehemu zenye tatizo la upungufu wa damu kwa wajawazito, vidonge vya madini ya chuma viendelee kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Wengi wetu tunaviacha siku ya kutoka wodini. Uliza kliniki. Halafu tuje jikoni. Maharage, kunde, dagaa, mchicha, kisamvu, matembele, vyote viko hapa Korogwe. Tunachokosea ni kushushia kwa chai ya rangi. Chai hiyo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye chakula, hivyo inywe saa moja au zaidi baada ya kula. Wakati wa kula kamulia limau kwenye mboga au kula chungwa. Chungwa tunalo mpaka linaoza barabarani, na hapo kwenye sahani ndipo kazi yake ilipo.

Yapo mambo ambayo si ya jikoni tena. Nywele zinadondoka kwa mabaka ya mviringo, au ngozi ya kichwa ina magamba na kuwasha. Mtoto ametimiza mwaka na bado zinaanguka. Una kizunguzungu, moyo unakwenda mbio ukipanda kilima kidogo, viganja vimekuwa vyeupe, shingo imevimba, au damu ya hedhi inatoka nyingi kuliko kawaida. Nenda ukapimwe damu, na ukiambiwa uende Magunga, nenda, usipitie kwanza kwa mwenye chupa.

Yule mama wa kikundi chetu tulikwenda naye kwa muuguzi siku ileile. Alipimwa, damu ilikuwa chini kidogo, akapewa vidonge. Aliambiwa amrudishe mtoto ziwani, amnyonyeshe mara kwa mara mchana na usiku, na uji ukaachwa. Baada ya siku chache maziwa yalikuwa yamejaa tena. Nywele bado hazijarudi, sitawadanganya, hata mwezi haujapita vizuri.

Mume wake alinipigia simu. Alitaka kujua kwa nini mayai ya gulio lililopita yalipungua. Nilimwambia mawili kwa siku analiwa na mama, tena nimeagiza mimi. Alinyamaza kidogo, akauliza kama tetea mmoja wa ziada angesaidia. Nikamwambia ungesaidia ukiwa na banda lisiloingiza kicheche, na hayo ndiyo tutakayoanza nayo wiki ijayo: banda la kuku kumi kwa miti ya hapahapa.